Kidonda Kiko Kwenye Ufizi, Kosa Liko Kwenye Meno

Barua tatu za safu hii ya kinywa na meno mwezi huu zinahusu meno bandia ya kinywa kizima, yaani yale yanayovaliwa na mtu asiye na jino hata moja kwenye taya. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu shida inayoelezwa humo ninakutana nayo mara nyingi, na mara nyingi inatibiwa kinyume.

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 68, ninaishi Tanga. Meno yangu yalikwisha moja baada ya jingine, na miezi mitano iliyopita nilitengenezewa seti kamili, juu na chini. Ya juu sina neno nayo. Ya chini yananitesa: nikianza kutafuna yanateleza kwenda mbele, na upande wa kushoto, kwa ndani karibu na ulimi, kuna kidonda. Nimerudi kwa aliyenitengenezea mara tatu, na kila mara amekwangua plastiki mahali panapouma. Napata nafuu siku mbili tatu, kisha maumivu yanahamia pengine, na sasa bamba lenyewe limelegea. Alinipa karatasi ya rangi niing'ate, alama zikatokea pande zote, akasema meno yanakutana vizuri. Jirani yangu naye anasema tatizo ni kwamba meno yangu ya mbele hayagusani. Je, meno bandia yanapaswa kukutana vipi hasa?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa miezi mitano ya kula kwa uchungu. Umeeleza dalili zako kwa usahihi, nami naweza kukujibu moja kwa moja: kidonda chako kiko kwenye ufizi, lakini kwa dalili hizi kosa linaelekea kuwa juu yake, pale magego ya juu na ya chini yanapokutana, na kuendelea kukwangua bamba ni kulitafuta kosa mahali lisipokuwepo. Ukingo wa bamba ukiwa mrefu mno, kidonda hutokea chini kabisa, kwenye mkunjo wa shavu au kando ya mzizi wa ulimi, kikifuata mstari wa ukingo huo, na ukipunguzwa kidogo mtu hupona. Kidonda kinachohamahama, kikiambatana na bamba linaloteleza, husababishwa zaidi na bamba kusukumwa kila mtu anapofunga kinywa. Plastiki inapokwanguliwa kwa chini, bamba hupoteza sehemu ya mahali lilipokuwa limekalia, na kwa hiyo huzidi kusogea.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kukumbuka jinsi jino la asili linavyokaa. Limesimama peke yake ndani ya tundu lake la mfupa, limefungwa kwa nyuzi ndogo ndogo zinazoliachia nafasi ya kusogea kidogo sana na kuupelekea ubongo habari ya uzito linaobeba. Likikutana vibaya na mwenzake, linaumia lenyewe na mengine yanaendelea na kazi. Meno bandia ya taya moja yamepandwa yote kwenye bamba moja, nalo bamba limelala tu juu ya nyama laini yenye mate. Gego moja likigusa kabla ya mengine, bamba zima huinuka upande wa pili au kuteleza, na nyama iliyo chini yake husuguliwa. Tazama pia ukubwa wa eneo linalobeba mzigo: nyuzi zinazoshika meno ya asili, zikitandazwa, hufikia takriban sentimita za mraba 45 kwa kila taya, ilhali mtu aliyekwisha meno hubaki na takriban 23 za kubebea bamba la juu na 12 tu za kubebea la chini. Ndiyo maana ya juu huna neno nayo na ya chini yanakutesa. Kosa lile lile dogo ambalo bamba la juu hulivumilia, la chini halina nguvu ya kulivumilia.

Sasa nijibu swali lenyewe. Meno bandia kamili yanapaswa kukutana kwenye magego, kulia na kushoto kwa wakati mmoja na kwa uzito ule ule, taya la chini likiwa limerudi mahali pake pa asili, pale ambapo vichwa vya mfupa wa taya vimetulia kwenye viungo vyake mbele ya masikio. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa. Mtu aliyekaa miaka mingi bila magego hujifunza kutafuna kwa kutumia sehemu ya mbele, na taya lake huzoea kuchomoza. Siku ya kuchukuliwa kipimo cha kuuma, akiambiwa "uma", huuma pale alipozoea, na meno hupangwa kufuata uongo huo. Baadaye anapomeza mate au kutafuna kwa nguvu, misuli hulirudisha taya nyuma mahali pake, vilele vya magego ya chini hugonga miteremko ya magego ya juu, na bamba la chini hupigwa kumbo kwenda mbele. Sijakuona, Mwalimu, lakini hilo ndilo ningelichunguza kwanza kinywani mwako.

Karatasi ya rangi iliyotumika kukuhakikishia kuwa mambo ni sawa inadanganya sana ikitumiwa namna ile. Ukiuma kwa nguvu, bamba huteleza juu ya nyama laini hadi meno yote yapate pa kugusa, na hapo alama hutokea kila mahali. Alama hizo zinaonyesha meno yalikoishia, hazionyeshi yalikoanzia. Mwaka jana alinijia mzee mmoja, fundi cherehani, mwenye malalamiko kama yako na alama nzuri za karatasi pande zote. Nilimketisha wima, nikaweka vidole viwili juu ya bamba la chini, kimoja kila upande, na kidole gumba chini ya kidevu, nikamwomba arudishe ncha ya ulimi nyuma kabisa kwenye kaakaa, afunge kinywa polepole, na asimame jino la kwanza linapogusa. Gego la mwisho la kushoto liligusa, huku upande wa kulia ukibaki na mwanya ambao ungepitisha punje ya mchele. Nilipomwambia aume hadi mwisho, nilihisi bamba likitembea chini ya vidole vyangu, na masikio yangu yakapata milio miwili, ta-tak, mahali palipopaswa kuwa na mmoja. Kidonda chake kilikuwa kwenye mteremko wa ndani wa taya, karibu kabisa na ulikosema wewe.

Sikugusa plastiki ya chini. Nilichukua kipimo kipya cha kuuma kwa nta iliyolainishwa na kuwekwa juu ya magego, nikihakikisha kwamba meno hayatoboi nta hadi yakagusana, kwa kuwa yakigusana tu bamba huteleza na kipimo huharibika. Kisha seti nzima ilifungwa kwa plasta kwenye atikuleta, yaani kile kifaa cha chuma kinachoigiza mwendo wa taya. Pale bamba limeshikwa imara, haliwezi kuteleza, na karatasi ya rangi inasema kweli. Tulipunguza meno yenyewe, kidogo kidogo, hadi mlio ukawa mmoja. Kazi hii ya kurudisha meno kwenye kifaa, kwa maoni yangu, ingepaswa kuwa desturi kwa kila seti mpya kabla mgonjwa hajaanza kulalamika, kwa sababu hata kipimo kikichukuliwa kwa uangalifu mkubwa, plastiki hunywea inapoivishwa maabara na meno husogea kidogo kutoka pale yalipopangwa kwenye nta.

Kupunguza huko nako kuna adabu yake. Kilele cha ndani cha kila gego la juu, kile kilicho upande wa kaakaa, hufanya kazi ya mchi, na bonde la gego la chini ndilo kinu. Mchi huo haupunguzwi ovyo, kwa kuwa ndio unaotunza kimo cha uso, yaani umbali kati ya pua na kidevu meno yakiwa yamekutana, na ndio unaosaga chakula. Gego likigongana vibaya taya linapokwenda kando, hupunguzwa vilele vya nje vya meno ya juu na vya ndani vya meno ya chini, ambavyo havina kazi hiyo ya kushikilia. Mtu akisaga bila mpango popote palipo na rangi, baada ya muda magego huwa bapa, kimo cha uso hupungua, na seti nzima huharibika. Kwa sababu hiyo hiyo nakusihi, wewe na kila anayesoma, usisugue meno yako nyumbani kwa msasa au tupa, na bamba likivunjika usilibandike kwa gundi ya dukani.

Kuhusu mwendo wa taya kwenda mbele na kando, mafundi wa taaluma hii wamebishana kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa meno Carl Christensen wa Denmaki alionyesha kwamba mtu akisukuma taya mbele, mwanya hufunguka kwa nyuma kati ya magego, kwa sababu viungo vya taya huteremka mteremko vinapokwenda mbele. Kwenye meno ya asili mwanya huo hauna madhara. Kwenye meno bandia unaweza kuliacha bamba likiegemea upande mmoja na kuinuka. Dawa iliyobuniwa ni kuyapanga magego kwa mpindo mwororo unaopanda kwa nyuma, kama upindo wa chini ya dau, ili hata taya likisogea paendelee kuwa na mguso mbele na nyuma, kulia na kushoto. Mwaka 1926 mhandisi Rudolph Hanau aliyakusanya mambo matano yanayotawala mpangilio huo: mteremko wa kiungo cha taya, mteremko wa meno ya mbele, mlalo wa safu ya meno, mpindo wake, na urefu wa vilele vya magego. La kwanza ni la mgonjwa mwenyewe na halibadiliki. Mengine manne yako mikononi mwa daktari na fundi, na ukibadilisha moja hapana budi kurekebisha mengine.

Wapo wanaopanga magego bapa yasiyo na vilele, hasa mfupa wa chini ukiwa umekwisha sana, na wapo wanaotumia ule mpangilio wa mchi na kinu peke yake, kilele cha ndani cha juu kikifanya kazi na cha nje kikiwa kimeinuliwa kisiguse. Tafiti zilizolinganisha mipangilio hii hazijaonyesha mshindi wa wazi kwa wagonjwa wote. Mimi hupendelea mchi na kinu kwa wagonjwa wengi wazee, kwa kuwa hukata chakula vizuri bila kulisukuma sana bamba kwenda kando. Lakini sijapata kuona mpangilio wowote ukifanya kazi pale ambapo mguso wa kwanza, taya likiwa mahali pake, hauko sawa pande zote mbili. Wakati wa kula, chakula hutenganisha meno na hesabu zote za miteremko husubiri. Hata hivyo mtu humeza mate mchana na usiku, na anapomeza meno hukutana matupu, mara nyingi mno kwa siku.

Jirani yako ana nia njema, lakini kwa hili amekosea. Ukifunga kinywa na magego yakakutana, meno ya mbele ya seti kamili hayapaswi kugusana. Panatakiwa pabaki mwanya mdogo kati yake. Yakigusana kwa nguvu, bamba la juu husukumwa mbele na kuachia kwa nyuma, na mfupa wa mbele wa taya la juu, ambao ni laini, huliwa haraka. Mguso wa mbele huja kwa wepesi pale tu unapolisogeza taya mbele kwa kusudi la kukata kitu. Kwa hiyo muhindi wa kuchoma na muwa uviache visikatwe kwa meno ya mbele. Pukuchua mahindi, katakata nyama na muhogo vipande vidogo, na ugawe tonge kulia na kushoto ili utafune pande zote mbili kwa pamoja. Wagonjwa wangu huiona tabia hiyo ngumu kwa wiki ya kwanza, kisha huizoea.

Sasa ufanye nini? Acha kuvaa meno ya chini kwa siku mbili au tatu, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na uende kwa daktari wa meno ufizi ukiwa umetulia, maana kipimo cha kuuma kilichochukuliwa juu ya ufizi uliovimba si kipimo. Mwombe apime upya namna unavyouma na kuyarudisha meno kwenye atikuleta. Kama kosa ni dogo, kupunguza kutatosha. Kama taya lako linarudi nyuma kwa milimita kadhaa, magego itabidi yang'olewe kwenye bamba na kupangwa upya, na bamba lililokwanguliwa litahitaji kutandikwa plastiki mpya kwa ndani. Uliza pia gego la mwisho limekaa wapi: likipandwa pale mfupa unapoanza kupanda kuelekea sikioni, kila tonge hulitelezesha bamba mbele hata kama mengine yote ni sahihi. Na jambo moja ambalo silisemi kwa kukutisha: kidonda ambacho hakijapona wiki mbili baada ya kuacha kuvaa meno kinapaswa kuchunguzwa hospitali, kwa kuwa si kila kidonda cha kinywani husababishwa na bamba.

SWALI: Daktari, mimi ni khatibu wa msikiti hapa Mombasa. Tangu nivae meno bandia kamili, yanagongana ninapotoa hotuba, hasa nikisoma kwa haraka, na ikifika jioni mashavu na mataya yamechoka kama niliyebeba mzigo. Naambiwa nitazoea. Umepita mwezi wa nne.

JIBU: Sheikh, kulizoea hili kwa miezi minne ilikuwa subira yako, lakini mwili wako unadai haki yake. Taya linapopumzika, midomo ikiwa imefungwa bila kukaza, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana. Kati yake hubaki mwanya wa milimita 2 hadi 4. Meno yaliyopangwa marefu kupita kiasi huumeza mwanya huo, na misuli ya taya haipati pa kupumzika. Unapozungumza, sauti ya "s" ndiyo inayoyakaribisha meno zaidi bila kuyagusanisha, na hapo ndipo yanapogongana kwa mtu ambaye kimo cha uso wake kimezidi. Jipime mwenyewe: tamka "mama", uache midomo ikutane kwa utulivu, kisha usikilize kama meno tayari yamegusana. Halafu hesabu kwa sauti sitini na sita, sitini na saba, hadi sabini. Yakigonga kila unapofika kwenye "s", ninaamini kimo kimezidi, ingawa bamba la juu lililolegea na kudondoka nalo hugonga, na daktari atapaswa kulitofautisha hilo kabla ya kugusa jino lolote.

Kimo kilichozidi kidogo huweza kurekebishwa kwa kupunguza magego kwenye atikuleta. Kilichozidi kwa zaidi ya hapo kinahitaji meno ya taya moja, pengine ya chini, yapangwe upya kwa kipimo kipya. Usikubali yasagwe hadi yawe bapa ili tu kelele ikome, kwa kuwa unaweza kuangukia upande wa pili: kimo kikipungua mno, kidevu husogea karibu na pua, pembe za midomo hukunjana na kukaa na mate, na ukungu wa kandida hupata makao na kuzipasua.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana meno bandia ya juu yote, lakini chini amebakiwa na meno yake sita ya mbele, hana magego. Ya juu yanacheza, na ufizi wake wa mbele umekuwa laini unaotikisika. Ndugu zangu wanataka yale sita yang'olewe awekewe seti kamili ili yalingane. Tuko Mwanza.

JIBU: Marahaba. Hali ya mzee inajulikana vizuri; daktari wa meno Ellsworth Kelly aliieleza mwaka 1972. Kwa kuwa hana magego ya chini, baba huuma kwa mbele tu, na meno sita yenye mizizi imara hupiga bamba lililolala juu ya nyama. Mfupa wa mbele wa juu huliwa, nafasi yake hushikwa na nyama legelege, na bamba huzama mbele na kuachia nyuma.

Msikubali yale sita yang'olewe kwa sababu hiyo, maadamu ni mazima. Taya la chini likishakosa meno hunywea sana: mtafiti Antje Tallgren, aliyewafuatilia wavaaji wa meno bandia kwa miaka 25 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1972, alikuta mfupa wa chini ukipungua takriban mara nne kuliko wa juu. Anachohitaji mzee ni magego ya bandia ya kuvaa upande wa chini, kulia na kushoto, yatakayobeba uzito kabla meno yake ya mbele hayajaligusa bamba la juu. Baada ya hapo bamba la juu lichukuliwe kipimo upya bila kuikandamiza ile nyama legelege, na meno yake ya mbele yapangwe yasigusane na yale sita anapofunga kinywa. Usiku ayavue yote, ayasafishe kwa brashi na sabuni, ayaweke kwenye maji, na yale sita ayapige mswaki vizuri, hasa kwa upande wa ulimi, ambako masalia ya chakula hujificha.